Lipeni kabla pazia halijafunguliwa: barua ya wazi kwa wasimamizi wa ruzuku za vyuo vikuu

Kwa wakurugenzi wa utafiti, wajumbe wa kamati za ruzuku na wakuu wa idara za fedha vyuoni.

Waheshimiwa,

Nafundisha sanaa za maonyesho katika chuo kikuu, na kila dirisha la maombi linapofunguliwa, ofisi yangu hujaa wanafunzi wa uzamili na wahadhiri chipukizi wenye maandiko ya miradi mkononi. Nayasoma pamoja nao. Nasoma na miongozo yenu, mpaka viambatisho. Nawashukuru kwa dhati kwamba fungu la sanaa bado lipo katika bajeti zenu, maana najua kila mwaka hakosekani mtu mezani anayependekeza lifutwe. Ninachotaka kusema kinahusu namna fedha hizo zinavyotoka. Kwa utaratibu wa sasa, zinamfikia msanii ambaye angeifanya kazi yake hata bila ninyi, na zinampita yule ambaye bila ninyi hana pa kuanzia.

Kisa ni kifungu kimoja. Kwa kawaida kinakaa karibu na mwisho wa mwongozo, na waombaji wengi hukigundua barua ya kukubaliwa ikiwa tayari mkononi: mpokeaji wa ruzuku atagharamia shughuli zake mwenyewe, atatunza stakabadhi zote, na atarejeshewa fedha baada ya ripoti ya mwisho kupokewa na kuhakikiwa.

Tazameni kifungu hicho kinavyofanya kazi katika mradi wa tamthilia. Mwelekezaji anahitaji ukumbi wa mazoezi, mbao na rangi za mandhari, vitambaa vya maleba, fundi wa taa na nauli za waigizaji. Vyote hivyo hulipiwa kabla mtazamaji wa kwanza hajaketi. Ripoti, kwa upande wake, huandikwa baada ya mtazamaji wa mwisho kuondoka, kisha hukaa ofisini ikisubiri saini. Kati ya mwanzo na mwisho huo hupita miezi, na katika miezi hiyo chuo hakijatoa hata senti moja. Aliyetoa ni mwelekezaji, pengine kwa kukopa. Kwenye bango la onyesho linaandikwa jina la chuo kama mfadhili, ilhali mkopeshaji ni mwanafunzi, tena mkopeshaji asiyelipwa riba.

Nimemwona mwanafunzi wa uzamili, mchongaji mwenye kipaji ambacho nisingeweza kukieleza vizuri hapa, akishinda ruzuku na kisha kuiacha. Alihitaji magogo yaliyokauka vizuri, patasi na mahali pa kufanyia kazi. Hakuwa na fedha za kutanguliza, wala hakuwa na mzazi au ndugu wa kumkopesha. Aliandika barua ya heshima kueleza kwamba hataweza kuendelea. Fedha zake zikabaki kwenye akaunti mpaka mwaka wa fedha ulipokwisha, na zikaingia katika hesabu kama fedha ambazo hazikutumika. Kikao kilichofuata kikapunguza fungu la sanaa kwa maelezo kwamba wasanii hawana uwezo wa kutumia wanachopewa. Niliposikia uamuzi huo niliumia, na bado naumia, kwa sababu tatizo lilianzia kwenye utaratibu na adhabu ikaangukia watu.

Mwenzetu wa idara ya kemia hapitii njia hiyo. Akishinda ruzuku, anajaza hati ya mahitaji, ofisi ya ununuzi inatoa hati ya agizo, muuzaji analeta vifaa, chuo kinalipa ankara. Hakuna anayemwambia anunue darubini kwa mshahara wake halafu asubiri. Mfumo wenu wa ununuzi umejengwa kwa ajili yake na wauzaji wake, yaani makampuni yaliyosajiliwa, yenye namba ya mlipakodi, yanayoweza kukopesha chuo kwa miezi kadhaa bila kuyumba.

Wauzaji wetu ni watu wa namna nyingine. Ni fundi cherehani mmoja anayejua kushona maleba yatakayostahimili mchezaji anayejibiringisha sakafuni usiku baada ya usiku. Ni mzee anayewamba ngoma, ambaye hajawahi kutoa ankara maishani mwake. Ni kijana mwenye spika na waya za kukodisha, anayetaka malipo asubuhi ya onyesho kwa sababu mafuta ya jenereta nayo yanalipiwa asubuhi. Mwongozo unadai bei tatu za ushindani kutoka kwa wazabuni watatu. Kwa ream za karatasi, sawa. Kwa ngoma yenye sauti ambayo mtungaji ameisikia kichwani na ni fundi mmoja tu anayeweza kuitoa, bei mbili zitakazoongezwa zitakuwa karatasi za kujazia jalada, na kila mtu kwenye mnyororo huo anajua. Utaratibu unaomlazimisha mtu mwaminifu kutafuta karatasi za uongo ili aonekane mwaminifu unahitaji kurekebishwa na aliyeutunga.

Sina ugomvi na wahasibu. Wengi wao ni watu waungwana, na nimewahi kukaa na baadhi yao mpaka jioni tukitafuta namna ya kumlipa fundi bila kuvunja kanuni. Mhasibu anamjibu mkaguzi wa hesabu, na mkaguzi anashika kilichoandikwa. Kama kilichoandikwa hakimtambui mtu anayewamba ngoma, mhasibu hana ujanja. Ndiyo maana barua hii siipeleki dirisha la malipo. Naileta kwenu mnaoandika kanuni.

Dawa yake hamna haja ya kuitafuta mbali, kwa sababu mnayo na mnaitumia. Mtumishi anaposafiri kikazi hupewa masurufu: anasaini, anaondoka, anarudi, anayarejesha kwa stakabadhi ndani ya muda uliowekwa. Mpeni msanii masurufu. Kama mnahofia kiasi kikubwa kutoka kwa mkupuo, gaweni kwa awamu. Nusu itoke siku ya kusaini mkataba, sehemu kubwa ya kilichobaki itoke hesabu za nusu ya kwanza zikishapokewa, na asilimia 10 isubiri ripoti. Kwa mwanafunzi asiye na mshahara wa kukatwa, msimamizi wake wa masomo awe mdhamini. Mimi ningesaini leo kwa wanafunzi wangu. Kwa mafundi wasio na vitabu vya stakabadhi, tengenezeni fomu fupi ya malipo yenye jina, kazi iliyofanyika, kiasi, saini, namba ya simu na picha ya kitu kilichotengenezwa. Anachokitafuta mkaguzi ni ushahidi kwamba fedha ilifika na kazi ilifanyika. Picha ya ngoma ikiwa mikononi mwa aliyeiwamba inatoa ushahidi huo kuliko ankara tatu zilizochapwa na mtu mmoja.

Mambo haya yana mfano katika historia ya vyuo vikuu vyenyewe. Mwaka 1959 vyuo vikuu vya Columbia na Princeton, nchini Marekani, vilianzisha kituo cha muziki wa kielektroniki kwa ruzuku ya dola 175,000 kutoka Rockefeller Foundation, mfuko wa hisani wa nchini humo. Muziki wa aina hiyo ulikuwa mchanga mno, na hakuna aliyeweza kuahidi kwa uhakika utasikikaje. Matamasha ya kwanza ya kituo hicho yalifanyika Mei 1961. Fedha zilitangulia, vifaa vikafuata, watunzi wakapata muda wa kujaribu na kukosea, na muziki ukaja mwishoni. Kama watunzi wale wangeambiwa watangulize gharama kisha walete stakabadhi baada ya tamasha, pasingekuwa na tamasha.

Sasa nije kwenye malipo ya watu, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Katika miongozo mingi niliyosoma kuna orodha ya gharama zisizoruhusiwa, na ndani yake mara nyingi umo ujira wa wasanii. Kamera inaruhusiwa. Kompyuta inaruhusiwa. Kinasa sauti kinaruhusiwa. Mwigizaji atakayesimama mbele ya kamera hiyo haruhusiwi kulipwa, au anatajwa kama mshiriki wa kujitolea na kuwekewa kiasi cha vitafunio. Hoja inayotolewa ni kwamba kifaa hubaki kuwa mali ya chuo, na malipo ya mtu huyeyuka. Nimeona kamera hizo. Nyingi ziko kabatini, ufunguo anao mtu aliyehama.

Katika sanaa za maonyesho, mwili na muda wa mtu ndivyo malighafi. Onyesho la saa moja na nusu lina nyuma yake wiki nyingi za mazoezi: kukariri, kupima pumzi, kurudia tendo moja mpaka mguu ujue pa kukanyaga bila kuangalia. Hizo ni saa za kazi. Bajeti inayotambua siku ya onyesho peke yake imelipia pazia na kuacha yaliyo nyuma yake. Matokeo yake yanaonekana waziwazi katika vikundi vyetu. Anayebaki mpaka mwisho wa mazoezi ni yule ambaye nyumbani kwao kuna chakula bila yeye kwenda kutafuta. Mwenye kipaji lakini mwenye wadogo wa kuwalea anaondoka wiki ya pili, na hakuna ripoti inayomtaja, kwa sababu hayumo kwenye orodha ya waliopanda jukwaani.

Kwamba msanii ni mfanyakazi si dai jipya wala si dai langu. Mkutano Mkuu wa UNESCO, uliokutana Belgrade, ulipitisha tarehe 27 Oktoba 1980 pendekezo kuhusu hadhi ya msanii, likizitaka nchi zimtambue kama mtu anayefanya kazi na anayestahili kinga ambazo wafanyakazi wengine wanazo. Mwaka 2022 serikali ya Ireland ilianza jaribio la kuwalipa wasanii 2,000 euro 325 kila wiki, bila kudai kazi fulani mwisho wa wiki. Siwaombi mfike huko. Ninaomba mstari mmoja wa bajeti wenye jina lake halisi, ujira wa wasanii na mafundi, ukihesabu siku za mazoezi na siku za maonyesho, na usifichwe ndani ya "posho ya viburudisho".

Fomu yenyewe nayo inachangia. Inauliza nadharia tete, mbinu, vigezo vya kupima, matokeo yanayotarajiwa na machapisho. Maswali hayo yana asili yake. Mwaka 1963 wataalamu wa OECD, shirika la nchi wanachama linaloshughulikia uchumi na maendeleo, walikutana Frascati, Italia, wakaandaa mwongozo wa namna nchi zitakavyohesabu matumizi yao katika utafiti na maendeleo, na fikra zake zimesambaa katika ofisi za utafiti kila mahali. Toleo lake la mwaka 2015 linatenganisha utafiti kwa ajili ya sanaa, utafiti juu ya sanaa, na kazi ya sanaa yenyewe, na onyesho la sanaa kwa kawaida linawekwa nje ya hesabu kwa hoja kwamba linatafuta namna mpya ya kujieleza badala ya maarifa mapya. Naweza kubishana na hoja hiyo, na wengi wamebishana nayo. Christopher Frayling wa Royal College of Art, chuo cha sanaa cha London, alikwisha kuandika mwaka 1993 juu ya utafiti unaofanyika kwa kupitia sanaa yenyewe, na mwaka 2020 jumuiya za elimu ya sanaa barani Ulaya zilitoa Azimio la Vienna kuutetea utafiti wa namna hiyo. Lakini hata tukiuacha ubishi huo, mwongozo wa Frascati uliandikwa kwa ajili ya takwimu. Haukuandikwa kuamua nani apewe fedha za mbao. Kuuchukua msamiati wa wanatakwimu na kuufanya mlango wa kuingilia ni kuwafungia nje watu ambao fungu hilo limetengwa kwa ajili yao.

Na madhara yake yanarudi kwenye jambo lile lile la nani anafikiwa. Mwombaji aliyesoma kwa wataalamu wa kuandika miradi anajua kuivika ngoma yake nguo za maabara. Anaandika kwamba "matokeo yanayotarajiwa ni ongezeko la uelewa wa hadhira" na anapita. Mwombaji anayesema kweli, kwamba anataka kujua nini kitatokea akimweka mwimbaji mmoja kwenye ukumbi mtupu bila kipaza sauti, anapewa alama ndogo chini ya kichwa cha mbinu. Ulizeni maswali ambayo msanii anaweza kuyajibu bila kujipinda. Anatafuta nini? Atafanya nini wiki kwa wiki, na nani? Nani ataiona au kuisikia kazi hiyo, na ni nini kitakachobaki baada ya hapo? Halafu tazameni kazi zake zilizotangulia. Dakika tano za video zinasema mengi kuliko kurasa tano za andiko, mradi mhakiki azifungue. Kwa hilo mhakiki mmoja walau awe msanii anayefanya kazi, naye alipwe kwa kuhakiki. Chuo kikuu cha Iowa kilitangaza mwaka 1922 kwamba kitapokea kazi za ubunifu kama tasnifu za shahada za juu. Imepita zaidi ya karne moja tangu chuo kikuu kikubali kwamba shairi au utungo wa muziki unaweza kupimwa na wanaojua kuupima.

Liko pia suala la majina, ambalo nitaligusa kwa kifupi ingawa lingestahili barua yake. Fomu za maadili ya utafiti humtaka mwombaji afiche majina ya washiriki. Kwa mgonjwa anayeeleza maradhi yake ni haki kabisa. Kwa mwimbaji aliyetunga beti zinazoimbwa jukwaani ni dhuluma. Haki ya mtunzi kutambuliwa kwa kazi yake iliingizwa katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa kuhusu hakimiliki, mwaka 1928, na kwa waimbaji na wapiga ala katika mkataba wa mwaka 1996 wa WIPO, shirika la dunia la hakimiliki na hataza. Wekeni kisanduku kimoja cha kuweka alama: mshiriki anataka ajulikane kwa jina lake. Na aliyejulikana kwa jina ni rahisi kumlipa.

Jambo jingine ni barua za kukataliwa. Nyingi zina mstari mmoja unaosema maombi yalikuwa mengi na ushindani ulikuwa mkali. Mtu aliyetoa miezi kuandika andiko, aliyekwenda kuomba barua za uthibitisho kwa wenye kumbi na kwa vikundi, anastahili kujua alama zake na walichosema wahakiki, hata kama ni sentensi mbili. Kama ukweli ni kwamba maandiko mazuri yalikuwa mengi kuliko fedha na kamati ikashindwa kuyatenganisha, lisemwe hivyo. British Academy, taasisi ya Uingereza inayofadhili utafiti wa sanaa na sayansi za jamii, ilianza mwaka 2022 kujaribu kura ya bahati kwa ruzuku zake ndogo: wahakiki huamua ni maandiko gani yamefikia kiwango, kisha yaliyofikia yote huingia kwenye kura. Wasanii wa Ireland niliowataja nao walichaguliwa kwa bahati kutoka miongoni mwa waliotimiza vigezo. Mwanzoni wazo hilo lilinikera. Nimelikubali kwa sababu kura haimjui mwenye lugha tamu ya miradi wala mwenye jamaa kwenye kamati, na aliyeshindwa kwa kura anarudi kazini akiwa na hakika kwamba andiko lake lilitosha.

Najua mtaniuliza kuhusu hatari. Je, msanii akipewa fedha mbele na asilete kitu? Itatokea. Hutokea hata maabara. Jaribio hushindwa, ripoti husema limeshindwa, na hakuna anayedai fedha za kemikali zirudishwe. Ruzuku za sanaa kwa kawaida ni ndogo mno ukilinganisha na zile za sayansi, na awamu nilizopendekeza zinazuia hasara isivuke nusu. Dhidi ya hasara hiyo wekeni hasara mnayoipata sasa bila kuihesabu, ya wote wanaosoma kifungu cha kurejeshewa fedha na kuufunga mwongozo hapo hapo. Hao hawamo kwenye takwimu zenu kwa sababu hawakuomba.

Kalenda nayo iangaliwe. Fedha zinazotangazwa mwanzoni mwa mwaka na kufika zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya kufunga hesabu humlazimisha mwelekezaji kubana mazoezi ya miezi katika siku chache, tena wakati ukumbi umejaa meza za mitihani. Ruhusuni salio livuke mwaka wa fedha kwa miradi iliyokwisha kuanza.

Waheshimiwa, kabla ya kutangaza dirisha lijalo, naomba kifungu cha kurejeshewa gharama kiondolewe kwa miradi ya sanaa na mahali pake paandikwe malipo ya awamu, na ujira wa wasanii uhamishwe kutoka orodha ya makatazo kwenda kwenye mchanganuo wa bajeti. Mengine yote niliyoyataja yanaweza kusubiri kikao kingine. Haya mawili yakisubiri, kuna watu watakaomaliza masomo yao bila kupanda jukwaa ambalo walilipigania. Niko tayari kukaa na wahasibu na wakaguzi wenu, nije na bajeti za miradi iliyokamilika, stakabadhi zilizokataliwa na majina ya kazi za mafundi tulioshindwa kuwalipa kwa wakati, tuiandike fomu hiyo fupi ya malipo kwa pamoja mstari kwa mstari. Siku mtakayoitaja nitakuja, na nitaomba nije na fundi mmoja.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa sanaa za maonyesho